Mwandishi akija shuleni Rabai, akute vijana wameshamsoma

Rabai si mahali pageni kwa vitabu. Mwaka 1846 wamishenari wawili kutoka Ujerumani, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliweka kituo chao hapa vilimani, na sehemu kubwa ya kazi yao ikawa ni maneno: kuuliza, kuandika, kufuta na kuuliza tena. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Kabla ya kuja Rabai, mwaka 1844, alikuwa Mombasa akisaidiwa na Kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin, kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Sisi Waislamu wa Pwani tuna maneno yetu kuhusu shabaha ya wamishenari, na hiyo ni mada ya siku nyingine. Lakini hakuna wa kukataa kwamba lugha hii iliingia kwenye kamusi kupitia vinywa vya watu wa Mvita na wa vilima hivi.

Sasa msimamishe kijana wa Kidato cha Tatu kwenye njia ya kuelekea Mazeras umuulize: ni kitabu gani ulichosoma mwaka huu ambacho hutatahiniwa? Nimeuliza swali hilo mara nyingi. Wengi hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Wengine hutaja riwaya teule ya fasihi, na ukiwauliza zaidi wakuambia kweli: hawakuisoma riwaya, walisoma mwongozo wake.

Makala haya yaeleza namna maktaba ya shule inavyoweza kumvuta kijana wa miaka 13 hadi 18, hasa kwa kualika waandishi na kwa shughuli za kusoma. Mwalimu, mzazi au mjumbe wa bodi ya shule aweza kuyachukua na kuyatumia kama yalivyo. Neno langu kubwa ni moja. Ziara ya mwandishi peke yake haimfanyi kijana kuwa msomaji. Huzaa matunda pale kitabu kilipofika kabla ya mwandishi, na pale maktaba inapobaki wazi baada ya mwandishi kuondoka.

Maktaba au stoo?

Tuanze na chumba chenyewe. Tangu 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Ni jambo jema, maana mzigo mzito uliondoka kwa wazazi. Lakini kitabu cha kiada si kitabu cha maktaba. Kiada chasomwa kwa sababu mwalimu amesema fungua ukurasa fulani. Kitabu cha maktaba chasomwa kwa sababu msomaji ataka kujua kitakachotokea. Shule nyingi zina marobota ya aina ya kwanza, na za aina ya pili ni chache, zimechakaa, au ni msaada kutoka ng'ambo unaozungumzia theluji na mbwa wa kufugwa ndani ya nyumba.

Kuna na jambo la umri. Sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ilianza Januari 2023 na iko ndani ya viwanja vya shule za msingi. Kijana wa miaka 14 ambaye sauti imeanza kuvunjika hakai akasoma kitabu cha sungura na fisi mbele ya wenzake. Kama rafu haina kitu cha umri wake, ataiacha, na tutasema vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Niliwahi kualikwa katika shule moja, sitaitaja, kuzungumza na wanafunzi juu ya uandishi wa habari. Nikaomba tukae maktabani. Ufunguo ukatafutwa nusu saa. Mwenye nao alikuwa amekwenda semina. Tukakaa chini ya mwembe, na wakati naongea wasichana wawili walikuwa wamesimama dirishani mwa maktaba, mikono wameiweka pembeni mwa macho ili waone ndani. Walikuwa wakisomeana majina ya vitabu kupitia kioo. Hao ndio ninaowaandikia leo, wala si wao waliokosa hamu.

Kabla ya kufikiri kumwalika mtu yeyote, basi, shule ihakikishe mambo matatu. Maktaba ifunguliwe kwa saa zinazojulikana, hata kama ni dakika 40 za mapumziko ya mchana na nusu saa baada ya masomo. Ufunguo uwe na watu wawili, mmoja wao awe mwanafunzi. Na kuwe na daftari la kuazima ambalo kijana aandika mwenyewe jina, kitabu na tarehe. Walimu wengi huogopa kuazimisha kwa sababu vitabu hupotea. Hupotea kweli. Lakini kitabu kilichofungiwa miaka kumi kikaliwa na mchwa nacho kimepotea, tena bila kusomwa.

Kwa nini mwandishi?

Kijana anapoona jina juu ya jalada hudhani ni jina la mtu aliyekufa au anayeishi mbali. Aletewe mtu aliyeshuka kwenye matatu kama yeye, aongeaye Kiswahili kama chake, aseme sura ya tatu ilimshinda akaiandika mara tano. Hapo kitabu chageuka kuwa kazi ya mkono wa mtu, kama jahazi au mlango wa nakshi, na kazi ya mkono yaweza kufunzwa.

Pwani yetu haina upungufu wa mifano. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa gerezani mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kuikosoa serikali, akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Mashairi aliyoyatunga kifungoni ndiyo yaliyokuwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Mwambie mwanafunzi wa miaka 18 kwamba mtunzi huyo alikuwa amempita miaka minne tu, uone atakavyoinua kichwa.

Katama Mkangi, mwana wa Kilifi, alituachia Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995). Ronald Ngala, ambaye vijana wamjua kwa jina la barabara na shule, alikuwa mwalimu, na kitabu chake Nchi na Desturi za Wagiriama kilitoka 1949. James Juma Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, simulizi la watumwa waliokombolewa na kuishi Frere Town. Kwa Rabai habari hiyo si ya mbali, maana hapa nako walikimbilia watu wengi waliotoroka utumwa, na vizazi vyao wako hadi leo. Waandishi hawa baadhi wametangulia mbele ya haki, hawawezi kualikwa. Vitabu vyao vyaweza, na kila shule ya Rabai ingekuwa na rafu moja iliyoandikwa "Vya Kwetu".

Kwa walio hai, usianze kwa kutazama Nairobi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini na kina wahadhiri wa Kiswahili, baadhi yao waandishi. Mombasa na Malindi kuna watunzi wa mashairi wanaosikika redioni kila wiki. Kuna wafasiri, waandishi wa tamthilia za shule na wanahabari. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imewatoa waandishi wapya kama Mohammed Khelef Ghassany na Zainab Alwi Baharoon, wote wa Zanzibar. Na kiwanda cha mabati cha kampuni iliyoipa tuzo hiyo jina lake la kwanza kiko Mariakani, jirani yetu hapa. Mwandishi aliye mbali aweza kuzungumza na darasa kwa simu yenye video, mradi mtandao umejaribiwa siku moja kabla na kuna kipaza sauti.

Wiki nne kabla ya mgeni

Hapa ndipo shule nyingi hukosea. Mgeni hualikwa Jumatatu aje Ijumaa, wanafunzi 600 hukusanywa uwanjani juani, mgeni huhutubu juu ya nidhamu na bidii, hupigwa makofi, huondoka. Hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake. Mkutano huo ni wa nasaha. Una faida yake, lakini hauuongezi usomaji.

Njia iliyo bora yataka mwezi mmoja. Shule inunue nakala za kitabu kimoja cha mgeni, si lazima nyingi. Darasa la wanafunzi 45 laweza kusoma kwa nakala tisa, kila kikundi cha watano na nakala yake. Tangu 2013 vitabu hapa Kenya vimekuwa vikitozwa VAT ya asilimia 16, hivyo bei si ndogo, na bodi nyingi zitasita. Jibu langu ni hili: ukiwa na fedha za hema, viti vya kukodi na biryani, toa hema kwanza. Nakala tisa zitabaki miaka mingi baada ya siku hiyo.

Wala msitoe fotokopi ya kitabu cha mgeni. Sheria ya hakimiliki yalinda kazi yake, na ni aibu kumwalika mtu kisha kumwekea mezani mali yake iliyoibwa.

Wiki ya kwanza mwalimu asome sura ya kwanza kwa sauti, aishie pale penye hamu. Wiki ya pili na ya tatu vikundi visome vyenyewe maktabani, kila mtu akisoma kurasa mbili kwa sauti kisha ampe mwenzake. Wiki ya nne kila kikundi kiandike maswali matatu. Swali lolote ambalo jibu lake liko ndani ya kitabu liondolewe. Yabaki yale ambayo mwandishi peke yake aweza kuyajibu: kwa nini mama yule hakurudi? Uliwahi kumjua mtu kama huyu? Ni sura gani uliitupa?

Siku yenyewe

Wachache ni bora kuliko wengi. Darasa moja au mawili, viti vimepangwa duara, maktabani ikiwezekana. Hotuba ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa bodi zisizidi dakika tano kwa jumla. Mgeni asome kwa dakika kumi. Mwanafunzi mmoja naye asome kipande cha kitabu hicho hicho mbele ya mwenyewe, maana mwandishi mwenyewe hushtuka kusikia maneno yake kwa sauti ya kijana wa Rabai. Muda uliobaki wote uwe wa maswali.

Msiwazuie vijana kuuliza la fedha. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, kijana wa nyuma alimuuliza mtunzi: "Mwalimu, kwani hiki kitabu kilikulipa ngapi?" Walimu wakakunja nyuso. Mtunzi akamjibu wazi namna mrabaha unavyolipwa, na namna vitabu vya wizi vinavyomla. Kwa nusu saa iliyofuata hakuna aliyesinzia. Kijana wa familia inayohesabu kila shilingi ana haki ya kujua kama kuandika ni kazi.

Mgeni arudishiwe nauli, apewe chakula na bahasha kwa kadiri ya uwezo wa shule, na hayo yasemwe mapema. Kama shule haina, iseme haina. Waandishi wengi watakuja kwa nauli tu wakijua kitabu chao kimesomwa, lakini si haki kumwachia mtu aulize mwenyewe.

Mgeni akishaondoka

Wiki inayofuata ndiyo kipimo. Vitabu vya mgeni na vingine vinavyofanana navyo viwekwe meza ya mbele, daftari la kuazima liwe wazi. Hesabu majina ya mwezi kabla ya ziara na ya mwezi baada yake. Hiyo ndiyo ripoti ya kupeleka kwa bodi, kuliko picha ya mgeni na keki.

Na katikati ya ziara moja na nyingine, kuna shughuli zisizohitaji mgeni wala fedha. Kwetu Pwani hazihitaji kubuniwa upya, maana tunazo. Anayehudhuria darsa za Ramadhani ajua zilivyo: kitabu hufunguliwa, mmoja husoma, mwalimu hufafanua, watu huuliza. Watoto wa madrasa wamezoea kusoma kwa sauti mbele ya wengine tangu wadogo. Mtindo huo huo uchukuliwe upelekwe kwenye riwaya, dakika 20 kila Jumatano, na kijana asiyesoma vizuri atafaidika kwa kusikiliza kabla ya kuona haya kusoma.

Pili ni malumbano ya mashairi. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, washairi wa Pwani wamejibizana kwa beti. Kidato cha Pili waandike beti mbili kwenye gazeti la ukutani wakikichokoza Kidato cha Tatu, na wajibiwe wiki inayofuata kwa vina na mizani ile ile. Wavulana wasiokanyaga maktaba huingia kutafuta maneno ya kujibia.

Tatu ni wazee. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na makumbusho ya Rabai yako hapa hapa. Mzee ajuaye ngano na historia ni mwandishi ambaye hajachapishwa. Aalikwe maktabani kwa heshima zake, vijana waandike asemayo kwa Chirabai na kwa Kiswahili, asomewe akiwa hai asahihishe, kisha daftari liwekwe rafuni. Yasiyofaa kutolewa nje ya kaya yaachwe kwa wenyewe.

Tarehe za kushikia pia zipo: Aprili 23 ni Siku ya Vitabu Duniani, na Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza 2022.

Wenzetu wamefanyaje?

Mfano niupendao zaidi uko Uganda, kijiji cha Kitengesa karibu na Masaka. Maktaba yake ilianza 1999 kama sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, baadaye ikapata jengo lake na kuhudumia kijiji kizima. Wanafunzi wanaofanya kazi maktabani, kuazimisha vitabu na kuwasomea watoto, hulipiwa karo. Fikirieni jambo hilo kwa Rabai, ambako karo huwarudisha vijana nyumbani kila muhula. Basari ile ile inayotolewa leo yaweza kuwapa wanafunzi wawili kazi ya heshima, na maktaba ikapata watu wa kuifungua.

Hapa Kenya, Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996. Waliokuwa mbali na barabara walifuatwa. Rabai ina barabara.

Pingamizi mbili

Walimu huniambia silabasi haina nafasi. Nawaelewa, maana wao ndio huulizwa matokeo yakija. Lakini Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE ni fasihi, na insha iko Karatasi ya Kwanza. Aliyezoea kusoma kurasa 200 kwa hiari hachoshwi na riwaya teule, na msamiati wa insha hautoki kwenye mwongozo.

Wazazi nao huogopa riwaya za mapenzi. Mimi ni mzazi, hofu hiyo naijua. Dawa yake ni kuwa na mwalimu na mzazi mmoja wanaosoma kitabu kabla hakijawekwa rafuni. Simu aliyonayo kijana mfukoni haina mtu wa kuichuja hivyo.

La kuuliza

Katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, maktaba ziliwekwa chini ya serikali za kaunti. Za shule zaangukia wizara na bodi, lakini kaunti yaweza kuzilisha kwa vitabu, kwa gari la maktaba na kwa mkutubi anayezunguka. Wadi nne za Rabai zina wawakilishi wanne katika bunge la Kilifi. Waulizwe kwenye vikao vya bajeti, wakati bajeti haijapitishwa.

Na kwenye mkutano wa wazazi wa muhula ujao, mzazi mwenzangu, baada ya kuuliza wastani wa darasa, uliza haya: Maktaba hufunguliwa saa ngapi? Ufunguo uko kwa nani? Mwanangu ameazima vitabu vingapi muhula huu? Tena omba daftari uletewe ulione.